Mia na Ishirini na Nne, Kila Mwezi

Haya ni kweli tupu, sijaongeza hata punje ya chumvi. Naapa kwa kaburi la mama yangu kule Kakese, na kwa sikio langu hili la kulia, ambalo mwaka sitini na nane nililiegesha kwenye reli pale stesheni ya Mpanda nikamsikia abiria akikohoa Kaliua. Nikamwambia stesheni masta, andaa dawa ya kifua, kuna mgonjwa anakuja. Kesho yake treni ikaingia, mtu akashuka anakohoa. Stesheni masta amekwisha kufa, vinginevyo ningekupeleka kwake ukamuulize.

Jina langu Melkiadi. Nilikuwa fundi simu wa reli mpaka waliponistaafisha. Ufundi sikuusomea popote. Niliufungua kwa bisibisi nikautazama ndani. Ndiyo maana Sajini Romana wa upelelezi, alipopewa kesi ya lori la Ilembo, alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Hiyo nayo ni kweli.

Ilikuwa Alhamisi ya Novemba, mwaka tisini na sita, Mpanda ikiwa bado ya mkoa wa Rukwa. Saa mbili asubuhi alisimama mlangoni kwangu, faili kwapani, viatu vimejaa tope. Romana ni binti wa Kasansa, kwa wakulima wa mpunga, na siku ya ubatizo wake mimi ndiye niliyemshika mbele ya padre. Wenzake walimwita Afande. Kwangu alikuwa mtoto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuomba msaada wa kitaalamu."

Neno hilo, kitaalamu, lilinifanya nivae koti.

Njiani alinieleza. Jumatatu, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga ya Kasimu pale Ilembo, lori lilirudi nyuma likamvunja mguu Arcade, mfanyakazi aliyekuwa ameligeuzia mgongo. Dereva ni Venant. Venant anasema alipiga honi mara tatu. Arcade, kutoka kitandani hospitali, anasema hakusikia honi yoyote.

"Mmoja muongo," nikasema.

"Mkuu wa kituo naye kasema hivyo hivyo. Na amekwisha chagua muongo wake. Kesho saa nane mchana faili linakwenda mahakamani."

"Venant si mtu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba?"

"Ndiyo. Yuko mjini kwa kibali. Akishtakiwa, kibali kinafutwa."

Mwaka ule, mtu wa asili ya Burundi aliyenyang'anywa kibali hakujua atalala upande gani wa mpaka. Romana hakuwa na haja ya kuniambia. Mkewe Venant, Annonciata, alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo tangu Jumatatu, na kapu la viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuvila.

Mahabusu mwenyewe alitolewa, akakaa mbele yetu mikono juu ya magoti.

"Ulipiga honi?" Romana akamuuliza.

"Nilipiga, Afande. Tatu."

"Arcade anasema hakusikia."

Venant alitazama sakafu. "Basi hakusikia."

"Unakubali kwamba hakusikia?"

"Mimi kazi yangu kupiga, Afande. Kusikia ni kazi ya mwenye masikio."

"Mna ugomvi?"

"Arcade kaoa dada yangu. Tunakula sahani moja."

"Kuna kitu hukisemi."

"Kuna vitu si vyangu kuvisema. Muulize mwenyewe."

Alivyorudishwa ndani nikamnong'oneza Romana: "Hapo pana uongo. Labda honi yenyewe ni mbovu." Akaniangalia, akaenda moja kwa moja kwenye lori lililofungiwa uani kama kielelezo, akapanda, akaibonyeza. Mkuu wa kituo alitoka mbio na kikombe cha chai kikiwa tupu, chai yote iko kifuani. Kuku wa mtaa mzima hawakutaga mpaka Jumapili.

"Honi nzima," Romana akaandika.

Tukaenda Ilembo.

Hapa inabidi nieleze kwa nini mimi nilihitajika. Mwanzoni mwa mwaka shule ya jirani ilikuwa imelalamikia kelele za mashine ya Kasimu. Wilaya ikaamua kelele zipimwe kila mwezi kuanzia Machi. Zikizidi desibeli themanini na tano, wafanyakazi wapewe vizibo vya masikio na wapokezane, mtu asishinde humo kutwa. Wataalamu wa mradi mmoja wa maji, walipofunga virago, walikuwa wameacha sanduku la vipimo. Mkaguzi wa viwanda akatoka Tabora mwezi wa Januari, akafundisha mtu mmoja kwa siku moja. Mtu huyo ni mimi.

Kipimo chenyewe kina shingo, na mwisho wa shingo kuna maikrofoni ndogo kama kifungo cha koti. Maikrofoni ya namna hiyo inadeka kuliko bibi harusi. Pumba zikiingia, inadanganya. Unyevu ukiingia, inadanganya. Kwa hiyo ina mwenzake wa kuisuta, nacho ni kisawazishi: kopo la chuma lenye ukubwa wa tochi fupi. Ndani yake vijipistoni viwili vinasukuma hewa na kutoa mlio mmoja usiobadilika. Unakivalisha kwenye maikrofoni polepole, mpira wake wa duara ukae sawasawa pasipenye hewa. Unawasha, unangoja mlio utulie, unasoma. Kipimo kikionyesha namba inayotakiwa, kinasema kweli. Unafanya hivyo kabla ya kupima na baada ya kupima, na unaandika kitabuni.

Yote hayo nilimweleza Romana langoni kwa Kasimu, nikiwa nimefungua sanduku juu ya gunia. Alisikiliza kama mtoto wa katekisimu.

"Kwa hiyo sasa unakivalisha?"

"Nimekwisha kukivalisha nyumbani, kabla hujafika," nikasema, nikakigusa kisawazishi mfukoni. "Kikifanya kazi asubuhi kinapumzika mpaka jioni. Ndo tabia yake."

"Na kisaa hiki?" Alionyesha kijisaa cha duara kilichokaa kwenye shimo lake ndani ya sanduku.

"Cha mvua. Mshale ukiyumba, unapanda mahindi. Nusu ya Kakese wanalima kwa kisaa hiki."

Alikitazama muda mrefu, kisha akafungua kitabu. Ukurasa ulikuwa mmoja tu, mistari ya mwezi kwa mwezi. Upande mmoja namba ya kisawazishi, upande wa pili kelele ya mashine, ulioanza Machi, maana Januari na Februari zilikuwa za mazoezi ya kisawazishi tu. Kidole chake kilishuka kutoka Januari, kikasimama kidogo, kikaendelea mpaka Oktoba. Akaandika namba mbili tatu kwenye daftari lake.

Tukaingia. Wasomaji ambao hawajawahi kusimama ndani ya mashine ya kukoboa, sikieni: injini ya dizeli upande huu, mkanda unaopiga kofi hewani, kinu kinachosaga meno upande ule, na bati juu linalorudisha kila kitu kichwani kwako. Nikanyoosha kipimo. Kasimu, mtu mnene mwenye kofia nyeupe iliyogeuka kahawia kwa pumba, akachungulia.

"Themanini na nne!" akapiga kelele.

"Nini?" Romana akauliza.

"THEMANINI NA NNE!"

"Sikusikii!"

Kasimu akamvuta sikio, karibu kulimeza. "NANE! NNE! Mashine ya upole, Afande!"

Nje, injini ilipozimwa, Kasimu alijifuta uso. "Umeona mwenyewe. Chini ya themanini na tano. Kila mwezi mzee hapa anapima, kila mwezi nimo. Sasa Arcade aseme masikio yake yana shida? Ya wapi? Kama alikuwa mzima na hakusikia honi, basi honi haikupigwa. Mimi simchukii Venant, lakini hesabu ni hesabu."

"Arcade kafanya kazi hapa miaka mingapi?"

"Sita."

"Anakaa wapi humo ndani?"

"Mdomoni mwa kinu. Anamimina mpunga."

"Kutwa?"

"Sheria inaruhusu. Themanini na nne."

Tulipokuwa tunarudi barabarani Romana akaniuliza: "Baba, kama ni themanini na nne, mbona mtu aliye hatua moja ilibidi aniume sikio?"

"Una nta, mwanangu. Tutatia mafuta ya nazi."

Hakucheka. Nikaona nimtupie mfupa mwingine. Nikamwambia nimesikia mtaani kwamba Venant na Arcade waligombania baiskeli hapo zamani, huenda lori lilirudi nyuma makusudi. Aliuliza nimesikia kwa nani. Nikataja mtu aliyehamia Sumbawanga. Akaandika, akapiga mstari chini. Baadaye nilijua kwamba mstari ule haukuwa wa kutilia mkazo.

Hospitali, Arcade alikuwa kitanda cha tatu kutoka dirishani, mguu umening'inizwa kwa jiwe. Kijana wa miaka thelathini, macho makubwa. Romana alipokuwa akizungumza, macho yale hayakumtoka mdomoni.

"Pole, Arcade."

"Asante, Afande."

"Siku ile ulikuwa unafanya nini uwanjani?"

"Naanua mpunga. Nimegeuza mgongo."

"Hukusikia honi?"

"Sikusikia kabisa."

Romana akainuka, akaenda dirishani, akasimama akitazama nje, mgongo kwetu. Kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuishusha, akasema: "Arcade, shuka lako linaungua."

Mzee wa kitanda cha pili aliruka. Mama aliyekuwa akimnywesha mwanawe uji alimwaga kijiko. Arcade aliendelea kukwaruza plasta ya mguu wake kwa ukucha, ametulia kama maji ya mtungini.

Romana akarudi, akakaa mbele ya uso wake. "Tangu lini?"

Arcade akajua amegunduliwa. "Mwaka wa tatu nilianza kusikia nzi ndani ya kichwa. Usiku, mchana, nzi tu. Mwaka wa tano nzi wakaondoka, wakaondoka na vitu vingine vyote. Sasa nasikia kwa macho."

"Venant anajua?"

"Nilimwapisha asiseme."

"Yuko ndani siku ya nne kwa sababu ya kiapo chako."

"Ningesema nini, Afande? Nani anamwajiri kiziwi? Na sasa kiziwi kilema?" Aligeuza uso ukutani. Kumgeuzia mtu uso, kwake yeye, ni sawa na kuziba masikio. Romana alingoja mpaka akageuka tena.

"Ni mashine iliyokufanya hivi?"

Hapo mimi nikaingilia. Nakiri nilisema haraka. "Haiwezekani. Kitabu kinasema themanini na nne tangu Machi. Kelele ya namna hiyo haimfanyi mtu kiziwi. Labda alipata degedege utotoni. Labda anaigiza kumwokoa shemeji yake."

Arcade aliniangalia mdomoni mpaka nilipomaliza. Halafu akasema kwa upole, "Mzee, mimi nilikuwa nakuonea furaha kila ukija kupima. Nilidhani safari hii watatuletea vile vya kuziba masikio."

Nje ya wodi Romana alisimama. "Mkuu atasema maneno yako hayo hayo. Anaigiza kumwokoa shemeji yake. Kitabu kikisimama, Venant anaanguka. Niachie sanduku."

"Sanduku lote?"

"Kipimo, kisaa, kitabu. Na hicho cha mfukoni."

"Hiki nitakuletea kesho. Nakisafisha mpira wake kwanza. Ukikauka unavuja hewa."

Alikubali kirahisi. Ningejua upelelezi kama nilivyojua simu, ningeogopa.

Ijumaa saa nne asubuhi nilifika kituoni nimenyoa ndevu. Kwenye meza ya Romana palikuwa na sanduku langu, na mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamtambua: Amedeus, mkaguzi wa viwanda aliyenifundisha Januari. Romana alikuwa amempigia simu Tabora jana yake, naye ameshuka na treni ya alfajiri.

"Mzee Melkiadi! Bado unasikia watu wa Kaliua wakikohoa?"

"Siku hizi wanakohoa kidogo."

Mkuu wa kituo alikuwa amekaa pembeni, shati jipya, chai nyingine. Romana hakunikaribisha kiti.

"Baba, tusomee kitabu. Namba za kisawazishi tu."

Nikavaa miwani. "Januari, mia ishirini na mbili nukta tisa."

"Hiyo niliandika mimi," Amedeus akasema.

"Februari, mia ishirini na mbili nukta tisa."

"Hiyo wewe."

"Mimi, kwa macho yangu. Machi, mia na ishirini na nne. Aprili, mia na ishirini na nne. Mei, hivyo hivyo. Mpaka Oktoba."

"Hukugusa skrubu ya kipimo?" Romana akauliza.

"Mkaguzi aliitia tone la rangi nyekundu. Nani angeigusa?"

"Kwa hiyo kuanzia Machi kipimo kilijiongezea chenyewe, kikakaa pale pale miezi minane?"

"Vyombo vinakua, mwanangu. Kama watoto."

Amedeus alikitoa kile kisaa cha mvua akakiweka mbele yangu. "Mzee, hiki nilikueleza Januari, lakini nadhani wakati ule ulikuwa unanisimulia habari za reli. Kinapima uzito wa hewa. Mpanda iko juu, hewa yake nyepesi kuliko ya Dar. Vile vipistoni vikisukuma hewa nyepesi, mlio unapungua. Soma mshale."

Mshale ulikuwa kwenye kutoa moja nukta moja. Ulikuwa hapo tangu Januari. Niliwapandishia watu mahindi kwa mshale ambao haujawahi kusogea.

"Mia na ishirini na nne ni namba ya pwani," akaendelea. "Hapa unatoa hiyo moja na ushee, inabaki mia ishirini na mbili nukta tisa. Ndiyo niliyoisoma mimi. Ndiyo uliyoisoma wewe Februari, ulipopima kweli. Hii nyingine umeisoma wapi?"

Romana akanyoosha mkono. "Kilete hapa."

Nilikitoa kisawazishi mfukoni. Akakigeuza, akaweka kidole ubavuni. Pale kiwandani walikuwa wamechonga kwenye chuma, herufi nzuri kabisa: 124.

"Hukuhitaji hata kukiwasha," akasema. "Kiwashe sasa."

"Kimechoka."

"Kiwashe, Baba."

Nikabonyeza. Hakikulia. Akachukua bisibisi ya mkuu wa kituo, akafungua kifuniko cha betri. Betri mbili zilikuwa zimevimba, zimevuja unga mweupe na kijani, waya wa chini umeliwa mpaka umekatika. Betri iliyokwisha ni kama mgeni aliyelewa. Ukimwacha alale ndani, atatapika. Na nililijua hilo. Amedeus alikuwa amenieleza, na hilo nililisikia: ukimaliza kazi, toa betri.

"Mwezi wa Machi," nikasema, "redio yangu iliishiwa. Kulikuwa na mpira. Nikaazima betri za humu, nikaweka za zamani ili kisibaki kitupu. Nilisahau siku mbili tatu."

"Miezi minane," mkuu wa kituo akasema.

"Na kipimo ulikisawazisha kwa kitu gani?" Amedeus akauliza. Alikuwa ameinama juu ya skrubu. "Rangi yangu imebanduka."

Hapo ningeweza kunyamaza. Sikuzoea.

"Kwa mluzi."

"Kwa nini?"

"Mluzi wangu ni desibeli mia kamili. Tangu ujana, reli nzima wanajua. Nilikuwa napiga mbele ya maikrofoni, nazungusha skrubu mpaka mshale useme mia. Mbona ni kitu kile kile? Mlio mmoja usiobadilika."

Askari wa kaunta alicheka mpaka akashika meza. Romana hakucheka. Amedeus alitoa kisawazishi chake, pacha wa changu, akakivalisha kwenye maikrofoni ya kipimo changu. Kikaunguruma taratibu, mmmm, mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu Februari. Tukasoma: mia na kumi na moja. Ilipaswa kuwa mia ishirini na mbili nukta tisa.

"Hivi ndivyo tulivyokikuta alfajiri," Amedeus akasema. "Kinapunguza karibu desibeli kumi na mbili. Nikasahihisha kwa hesabu, na saa moja tulikuwa Ilembo na kipimo changu pia. Vyote vimekubaliana. Mashine ya Kasimu ni tisini na sita."

Alizungusha skrubu mpaka mshale ukakaa mahali pake. "Sasa piga mluzi, Mzee."

"Hapa? Kituoni?"

"Piga," Romana akasema.

Nikalowesha midomo. Nikapiga: mia na nane. Nikapiga tena: mia na kumi na tano. Mara ya tatu midomo ilikuwa imekauka, ukatoka upepo na mate, tisini na mbili. Annonciata alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake. Hakujua mambo ya desibeli, lakini uso wa mtu aliyekamatwa kila mtu anaujua.

Mkuu wa kituo aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo yule ni kiziwi wa kweli, na uziwi kaupatia kazini. Na honi ilipigwa."

"Tena nzima, mkuu. Uliisikia mwenyewe," Romana akasema. "Mtoeni Venant."

Kisha akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyoitumia dirishani hospitali.

"Jana ulikaa na mimi pale. Ulimwona Venant mikono juu ya magoti. Ukaniambia pana uongo."

"Nilisema labda."

"Ukanipa ugomvi wa baiskeli. Nimeutafuta mpaka jioni. Hakuna baiskeli. Hospitali Arcade alitoa siri yake, ukasema anaigiza. Ungeniambia njiani tu, 'Romana, betri ziliharibika.' Ningekusaidia. Mama yangu aliniambia, ukikwama Mpanda nenda kwa Melkiadi. Nilikuja kwako kwanza. Kabla ya mtu yeyote."

"Mwanangu..."

"Jina lako kamili, Mzee."

Askari akafungua kitabu cha maelezo. Nikataja jina langu kamili, na la baba yangu, na kabila, na kazi. Kwenye kazi nikasema fundi. Romana akamwambia askari aandike mstaafu.

Halafu akanisogezea kitabu changu na kalamu nyekundu. Mwezi kwa mwezi, alitaja, mimi nikakata namba na kuandika pembeni neno moja na sahihi. Machi, sikupima. Aprili, sikupima. Mei, sikupima. Mpaka Oktoba. Mara nane. Kasimu alikuwa ameitwa, akasimama nyuma yangu akisoma juu ya bega, na kila "sikupima" ilipoongezeka ndipo alipokuwa akijua idadi ya vizibo atakavyonunua, na mtu mmoja ambaye vizibo havitamfaa tena.

Venant alitoka ameshika mkanda wake mkononi. Alisimama mbele yangu. Mimi nilimtazama kifuani.

"Mzee," akasema, "mimi nilipiga mara tatu. Wewe hata moja."

Akaondoka na mkewe. Kapu wakaliacha kwenye ngazi.

Mkuu wa kituo alitaka nilale ndani. Romana akasema nitalala, lakini kwanza kuna mtu wa kumwona. Tukaenda hospitali tukiwa watatu, mimi katikati ya Romana na askari, mchana kweupe, mji mzima unasalimia. Zamani ningesimama kwa kila mmoja na hadithi.

Arcade alikuwa macho. Romana akaniweka mbele ya uso wake, pale kwenye mwanga wa dirisha, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sema."

"Arcade," nikasema, "sikupima. Kisawazishi kilikufa Machi. Nilikuwa natunga namba. Mashine ilikuwa tisini na sita."

Arcade alikunja uso. Meno ya mbele ninayo mawili tu, na midomo ilikuwa inanitetemeka. Hakuweza kuisoma.

"Unasema?"

Nikasema tena, kwa nguvu. Muuguzi akasimama na sinia lake. Mzee wa kitanda cha pili akasonya. Yule mama wa uji akamziba mwanawe masikio, kana kwamba ni matusi.

Arcade akatikisa kichwa. Akanishika ukosi wa koti, akanivuta karibu, akayaweka macho yake makubwa juu ya mdomo wangu.

"Polepole, Mzee. Rudia."

Wodi nzima ilikuwa imekwisha kusikia, isipokuwa yeye. Nikalowesha midomo. Nikarudia.